Ufunguo wa bustani ushikwe na nani: kaunti, kikundi cha mtaa au mwekezaji?

Mwezi jana tuliitwa mkutano katika ukumbi wa mtaa wetu huku Eastlands, Nairobi. Ajenda ilikuwa kiwanja cha wazi kilicho kati ya nyumba za mwisho na mto: magoli mawili yasiyo na nyavu, bembea moja nzima na nyingine iliyokatika mnyororo, mijakaranda sita, na choo cha umma ambacho kufuli lake limeshika kutu. Mapendekezo yalikuwa matatu. Kiwanja kiendelee kusimamiwa na kaunti kama zamani. Au kikabidhiwe kikundi cha vijana ambao tayari hufyeka nyasi na kuzoa taka. Au kikodishwe kwa mwekezaji aliyekuja na picha kubwa ya rangi yenye bwawa la kuogelea, taa na mkahawa. Watu waligawanyika mapema. Wenye watoto wadogo hawakuondoa macho kwenye picha ile ya bwawa, na siwalaumu.

Nimekuwa karani wa kamati ya wakazi kwa miaka tisa. Kabla ya mkutano wa pili nilitumia siku zangu za mapumziko kuzunguka maeneo ya wazi ya jiji hili nikitazama yanavyoendeshwa, kwa sababu karibu kila njia tuliyopendekezewa imeshajaribiwa mahali fulani Nairobi. Ninayaandika niliyoyaona kwa ajili ya mitaa mingine itakayoitwa mkutano kama wetu. Kila nilipofika niliuliza maswali mawili yale yale: pesa inayolipwa langoni inalala wapi, na nani analipwa ili awepo Jumanne asubuhi, siku ambayo hakuna sherehe wala mgeni wa heshima.

Karura na Uhuru Park

Hizi mbili kila mtu wa Nairobi anazijua. Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 kaskazini mwa jiji, umekatwa na Limuru Road upande mmoja na Kiambu Road upande wa pili. Uhuru Park ni bustani ya takriban hekta 13 ubavuni mwa katikati ya jiji, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Zilipita katika hatari moja na zikaokolewa na mtu mmoja. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, makao ya chama tawala cha KANU na gazeti lake. Wangari Maathai akaandika barua baada ya barua, wabunge wakamkejeli, hadi wafadhili wakajitoa na mradi ukafa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, alipigwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda Karura kupanda mti, wakati vipande vya msitu ule vilikuwa vimeshagawiwa watu binafsi.

Baada ya kuokolewa, kila moja ilishika njia yake.

Karura ni mali ya umma chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Sheria ya misitu, sasa ile ya mwaka 2016, inawaruhusu wanaoishi karibu na msitu kusajili chama cha jamii, kuandaa na KFS mpango wa usimamizi na kutia saini mkataba. Marafiki wa Karura, chama cha jamii cha msitu huo, waliishika njia hiyo. Uzio wa umeme ukajengwa, vijana wa vijiji vya karibu wakaajiriwa kuwa maskauti, njia za miguu na za baiskeli zikachongwa, na langoni raia mtu mzima akalipa shilingi 100 kwa miaka mingi. Pesa hiyo ilibaki kazini palepale: mshahara wa skauti, waya wa uzio, daraja la mbao lililooza. Msitu ambao katika miaka ya 1990 hakuna aliyethubutu kuuingia peke yake leo unapitwa na wanawake wanaokimbia mazoezi alfajiri.

Umuhimu wa swali langu la kwanza ulionekana wazi mwaka 2025. KFS iliagiza kiingilio kilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa malipo ya serikali, na chama cha jamii kikaenda mahakamani. Hakuna aliyekuwa anagombania miti. Ugomvi ulikuwa juu ya njia ambayo zile shilingi mia zinapita kabla ya kumfikia skauti, na kama zitamfikia. Ukitaka kuujua uimara wa mpango wowote wa kusimamia bustani, angalia mahali ambapo wabia wake wanaweza kukosana.

Uhuru Park iko chini ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitaja waziwazi bustani za kaunti na maeneo ya burudani kuwa kazi ya serikali za kaunti, pamoja na viwanja vya michezo. Kwa miaka mingi kuingia kulikuwa bure. Fedha za kuitunza hutoka kwenye bajeti ileile inayolipa madaktari, kuzoa taka na kutoa basari, na mbele ya madiwani nyasi hazijawahi kushinda dawa. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vingine. Maana yake, shilingi inayolipwa kwa kaunti ndani ya bustani haigeuki na kununua mbolea ya bustani hiyo. Inaenda kwenye chungu kimoja na kusubiri bajeti.

Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kutunza maua enzi za baraza la jiji alinieleza vizuri kuliko mwanasheria. Nilimkuta amekaa kivulini, nikamsalimu, “Shikamoo mzee,” akaitikia na kunisogezea nafasi. Nikamuuliza mbona bustani za umma huchanua mara moja kisha zikafifia.

“Binti yangu,” akasema, “mpira wa maji ukipasuka, mimi naandika barua. Barua inakwenda kwa msimamizi, kwa mhasibu, kwa watu wa ununuzi. Hiyo ni wiki sita. Ua linakauka kwa siku tano.”

Mwaka 2021 Uhuru Park ilifungwa kwa ukarabati chini ya Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, iliyoundwa 2020 kaunti ilipokabidhi baadhi ya kazi zake kwa serikali ya kitaifa. Ilitengenezwa upya kwa kiwango kikubwa, na ni vyema. Lakini kukarabati ni tukio, na kutunza ni kazi ya kila siku. Pesa za ukarabati hupatikana kwa sababu zina uzinduzi na utepe. Za kununua mpira wa maji hazina utepe.

Kwa hiyo Karura imetunzwa vizuri zaidi, na ningeishia hapo kama bustani ingekuwa miti na njia tu. Ila nimekaa sana nikiitafakari Uhuru Park. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa pale kwenye kona ambayo tangu hapo inaitwa Freedom Corner. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba ilizinduliwa pale, mbele ya umati. Mahali pa namna hiyo lazima mtu aweze kuingia akiwa hana hata shilingi mfukoni. Na hata siku za kawaida, mama anayefua nguo za watu na ana watoto watatu hupiga hesabu ya nauli ya matatu kwenda na kurudi kabla hajakifikia kiingilio. Kwake yeye lango lenye ada, hata iwe ndogo namna gani, ni lango la wengine.

Kwa usimamizi, Arboretum iko katikati ya hizi mbili: bustani ya miti ya takriban hekta 30, iliyoanzishwa 1907 kujaribu miti ya kupanda kwa ajili ya kuni za reli, ikiwa chini ya KFS huku marafiki wake waliojipanga tangu 1993 wakiisaidia. Ni mfano mzuri kwa eneo kubwa lenye miti ya thamani. Kwa kiwanja cha mtaa kama chetu, muundo wote ule ni mzito mno.

Ncha mbili za Moi Avenue

Jeevanjee Gardens iko upande wa juu wa barabara, bustani ya Agosti 7 iko upande wa chini, penye makutano na Haile Selassie Avenue. Ya kwanza ilitolewa zawadi kwa wakazi wa Nairobi na A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Ya pili iko pale ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, zaidi ya watu 200 wakafa, na inasimamiwa na wadhamini wanaotoza kiingilio kidogo.

Agosti 7 ni safi na tulivu, nyasi zimekatwa, viti vizima. Inastahili kuwa hivyo, kwa sababu watu huenda pale kuyasoma majina ya ndugu zao. Jeevanjee ina kelele ya wahubiri wa saa saba, wauza njugu, watu wanaolala, na wale wa Bunge la Mwananchi wanaojadili mambo ya nchi wakiwa wamesimama kwa duara. Udhamini unafaa palipo na kusudi moja linalojulikana. Jeevanjee ina makusudi mia, na ukiitia lango na tiketi utakuwa umewatoa wenyewe. Mwaka 1991 ilipotaka kugeuzwa jengo na maegesho ya magari, mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na waliomfuata walikuwa watu wa kawaida walioizoea bustani ile kwa sababu haikuwahi kuwadai chochote.

Kikundi cha mtaa

Hapa ndipo mkutano wetu ulipokuwa na moto, na hapa ndipo nilipotazama kwa muda mrefu zaidi.

Nairobi ina mifano ya kujivunia. Korogocho, vijana wa Komb Green waligeuza jaa la taka la ukingoni mwa mto kuwa bustani yenye miti, mahali pa watoto kucheza. Dandora kumekuwa na mashindano ya kusafisha nyua zilizo kati ya nyumba, ua mmoja ukishindana na mwingine kwa rangi, nyasi na taa. Na Mathare, tangu 1987, chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kama MYSA kimekuwa na utaratibu ambao ningependa kila wadi iuige: timu hupata pointi za ligi kwa kushiriki usafi wa mtaa, pamoja na zile za kushinda mechi. Mtoto anayechukua reki kwa ajili ya pointi huja akakua akijua kwamba kiwanja hakijisafishi.

Nguvu ya kikundi ni kwamba kinaishi palepale. Kijana wa kwetu akimwona mtu anamwaga taka usiku, anamjua kwa jina na anajua mlango wa mama yake. Hakuna askari wa kaunti mwenye uwezo huo. Kikundi hakihitaji wiki sita kununua mpira wa maji. Kinachanga jioni, asubuhi kazi inaendelea.

Udhaifu wake nao naujua kwa sababu nimeuandika kwenye kumbukumbu za mikutano. Mwenyekiti akipata ajira Mombasa, kazi hulala. Uchaguzi ukileta mwakilishi wadi mpya, huja na vijana wake, na wale wa zamani hujikuta wageni kwenye kiwanja walichokifyeka kwa mikono yao. Hesabu huandikwa kwa karatasi za kutupwa. Na jambo ambalo wanaume wengi mkutanoni hawakulitaja hata mara moja: kikundi cha wapenda mpira hutengeneza kiwanja cha mpira. Nilikwenda jioni tatu mfululizo nikahesabu waliokuwa wakikitumia kiwanja chetu. Wasichana walikuwa wachache sana, wengi wamekaa pembeni wakilea wadogo zao, na wazee hawakuwepo kabisa kwa sababu hakuna mahali pa kukaa. Ukikabidhi kikundi kiwanja bila masharti, umewakabidhi wale ambao tayari wanakitumia.

Upo pia mzigo ambao si haki kuwatwisha vijana wa kujitolea. Bembea ikimwangusha mtoto akavunjika mkono, nani atabeba gharama? Kijana anayefyeka bila malipo kwa miaka miwili ataendelea hadi lini? Tukisema “vijana watashughulikia”, mara nyingi tunamaanisha kwamba hakuna atakayelipwa.

Mwekezaji na bwawa lake

Nimwendee kwa haki. Mwekezaji ana sababu ya kufungua saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu kila saa iliyofungwa ni hasara yake. Taa zake huwaka, vyoo vyake vina maji, na ukilalamika kuna meneja wa kumlalamikia. Hata vyoo vya umma vya katikati ya jiji, vilivyokuwa vimeoza hadi watu wakivikwepa, vilirudi kutumika baada ya kukabidhiwa vikundi vinavyotoza shilingi chache na kuishi kwa shilingi hizo. Kwa huduma ndogo inayotumiwa na watu wengi kila saa, kumwachia anayeifanya kama biashara ni busara.

Bwawa ni jambo jingine, na ninaomba kila mtaa unaoonyeshwa picha ya bwawa upige hesabu hii kabla ya kupiga makofi.

Bwawa la kawaida lenye urefu wa mita 25, upana mita 12.5 na kina cha wastani mita moja na nusu linabeba lita 468,750. Kwa lori la maji la lita 10,000, hayo ni malori 47 kulijaza mara moja tu. Jua na upepo hunywa yao: yakipungua milimita 4 kwa siku, ni lita 1,250 zimepotea kila siku kabla hata chujio halijasafishwa, na kusafisha chujio la mchanga humwaga maji zaidi. Sisi wa huku tunapata maji ya bomba kwa zamu. Ni vigumu kumweleza mama mwenye mitungi mitupu kwa nini bwawa limejaa.

Kisha maji hayo lazima yazunguke. Pampu inatakiwa iyapitishe yote kwenye chujio ndani ya saa kama sita, yaani karibu lita 78,000 kwa saa, na hiyo ni stima inayokwenda mchana kutwa. Klorini huru iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8; ikipanda juu ya hapo, klorini ipo ila haifanyi kazi yake. Vipimo hivi huchukuliwa mara kadhaa kwa siku, na huandikwa. Lazima pia kuwe na mwokoaji aliyefunzwa, macho yake majini muda wote waogeleaji wapo. Mlinzi wa lango akiambiwa aangalie bwawa pia, hana jicho la ziada.

Nilimuuliza mwakilishi wa mwekezaji wetu swali moja: mtoto akiharisha ndani ya maji, utafanya nini? Akasema wataokota na kuongeza dawa. Jibu sahihi ni kwamba watu wote hutolewa na bwawa hufungwa. Kuna kijidudu cha kuharisha kiitwacho kriptosporidiamu ambacho klorini ya kawaida haikiui upesi. Inabidi klorini ipandishwe hadi miligramu 20 kwa lita na kukaa hapo kwa saa 12 na dakika 45. Asiyejua hilo asipewe watoto wetu. Mliulize swali hili hata kama mmeshampenda mtu.

Mtaa nilioishi zamani ulipata bwawa la namna hii. Miaka miwili lilipendeza. Ada ikapanda, shule za jirani zikaacha kuja, mwisho wa wiki likawa la sherehe za watu wenye magari. Pampu ilipoharibika, aliyekodishiwa akaondoka, na kilichobaki ni shimo la maji ya mvua yenye rangi ya kijani. Wazazi tulipokezana zamu ya kuwafukuza watoto ukingoni hadi lilipojazwa udongo. Sijasahau zamu zile.

Mabwawa makubwa ya umma tuliyo nayo, kama lile la mita 50 la Kasarani lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, yako chini ya serikali ya kitaifa kupitia Sports Kenya, shirika lililoundwa kwa Sheria ya Michezo ya 2013. Hiyo inaonyesha ukubwa wa mfuko unaohitajika. Kama nia ni watoto wa Eastlands wajue kuogelea, na ni nia ninayoiunga mkono kwa moyo wote kwa sababu mito na mashimo ya machimbo yanawaua, basi ni nafuu kaunti kukodi saa za asubuhi za katikati ya wiki katika mabwawa yaliyopo na kulipia basi la shule, kuliko kila wadi kuchimba lake.

Kabla ya kuchagua, tafuta hatimiliki

Hili ni fupi lakini lina uzito kuliko yote. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, viwanja vya burudani vikiwa miongoni mwake. City Park, yenye tumbili na makaburi ya wanasiasa Joseph Murumbi na Pio Gama Pinto, ilitangazwa kuwa turathi ya kitaifa mwaka 2009, na tangazo hilo lina nguvu kuliko uzio. Kiwanja chenu kina namba gani? Kimesajiliwa kwa jina la nani? Tangu 2021 kumtafuta mmiliki wa ardhi Nairobi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi ulio mtandaoni. Msiponunua hata ndoo ya rangi kabla ya kupata jibu, hamjachelewa.

Chetu kiko kando ya mto. Ukingo wa mto unalindwa na sheria, kati ya mita 6 na 30 kutegemea mto wenyewe, na Aprili na Mei 2024 sote tuliona maji yalivyozirudia sehemu zake. Mchoro wa mwekezaji ulikuwa umeliweka bwawa hapo hapo, mahali ambapo mafuriko yale yaliacha tope la kufika magotini. Nilipolionyesha hilo mkutanoni, ukumbi ulinyamaza.

Nilichowashauri majirani

Msitu au bustani kubwa yenye miti ya thamani na mpaka mrefu wa kulinda: fuateni njia ya Karura, lango lenye ada ndogo, na mkataba unaosema kwa maandishi kwamba ada inatumika palepale. Wekeni siku za bure kwa shule. Mahali pa katikati ya jiji panapokutanisha watu wote: kaunti, bure, na mwendelee kuisumbua kaunti. Mahali pa kumbukumbu: wadhamini. Bwawa: ikiwa hakuna taasisi yenye mfuko wa kudumu, acheni.

Kiwanja cha mtaa kama chetu nakipendekezea mchanganyiko. Hatimiliki ibaki mikononi mwa kaunti, na kaunti ilipe mtunzaji mmoja wa kudumu, mwenye mshahara na jina linalojulikana, pamoja na bili ya maji. Kikundi cha vijana kiendeshe shughuli kwa mkataba wa miaka mitatu, mrefu vya kutosha kupanda kitu na mfupi vya kutosha kukitoa kikiharibu. Kwenye kamati yake wawemo wanawake wasiopungua nusu na mzee mmoja au wawili. Jioni mbili kwa wiki magoli yawe ya wasichana, bila mjadala mpya kila wiki. Kuingia bure. Choo kiendeshwe kwa kulipia shilingi chache, hesabu zake zibandikwe ubaoni kila Jumamosi, na pesa hiyo ndiyo inunue mpira wa maji. Mwekezaji akitaka, ana nafasi ya kibanda cha chai kwa leseni ya mwaka mmoja mmoja, upande wa barabara, asizungushie ukuta hata mita moja.

Mshahara wa mtunzaji hauji kwa kupiga kelele mwezi Juni. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hufikishwa kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ombi la wakazi lisilokuwepo kwenye karatasi za Septemba hutafutiwa nafasi kwa taabu. Sisi tumeandika letu, lina kurasa mbili, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ninayo.

Mkutano wa pili ulimalizika saa moja usiku. Mwekezaji alikunja picha yake, akatuambia kwa heshima kwamba atafikiria habari ya kibanda cha chai. Kura za mikono ziliangukia mchanganyiko, ingawa safu ya nyuma ya vijana haikufurahia ile habari ya jioni mbili za wasichana, na tutaizungumza tena. Kufuli la choo lilikatwa Jumamosi iliyofuata. Funguo za kufuli jipya ni tatu: moja iko kwa kikundi, moja kwa kamati, na ya tatu kwa mama auzaye uji pale kona, kwa kuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri yeye ndiye huwa ameshafika. Tumenunua daftari pia. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: nyasi zimefyekwa upande wa mto, mnyororo wa bembea bado.